Giza la Kamera ya Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imeanza leo, na habari zimekuja nayo. Mkutubi Mkuu ametuita wafanyakazi wote akatuambia rasmi kwamba masika yakielekea kwisha jengo la maktaba litabomolewa. Vitabu vitahamia jengo jipya. Kabla ya hapo anataka picha tano kubwa za jengo hili la zamani: ukumbi wa kusomea, roshani, chumba cha kadi, ghala la magazeti na ngazi. Zitatundikwa ukutani huko tuendako ili watu wajue tulikotoka.

Kazi hiyo amempa mama mkwe wangu. Hakuna mwingine mjini mwenye kamera ya mbao ya kupigia filamu kubwa kama ukurasa wa daftari. Amebakiwa na filamu kumi na sita, na aliyekuwa akimuuzia amefunga duka. Zikiisha, zimeisha.

Mimi najalidi vitabu katika maktaba hii, huu mwaka wa ishirini na mbili. Naishi na Mama nyumba moja, mwaka wa kumi na tisa. Mtu akimuuliza mkwe wake anafanya kazi gani, hujibu, "Anabandikabandika makaratasi."

Jumatano, 5 Machi

Mvua. Gundi haikauki.

Jumamosi, 8 Machi

Jumamosi maktaba hufungwa mchana, kwa hiyo tumepata ukumbi peke yetu. Mume wangu alituacha mlangoni na mizigo, akaenda zake. Yeye anaona mama yake amezeeka na angestahili kukaa nyumbani. Mimi niliombwa kubeba stendi ya miguu mitatu. Sikuombwa kitu kingine.

Mama alijifunika kitambaa cheusi nyuma ya kamera, akakaa humo muda mrefu kupita nilivyotarajia. Akamtuma bawabu, ambaye sisi humwita Saa Mbovu kwa kuwa hafungui mlango kwa wakati, akasimame na mshumaa kwenye kabati la mwisho ili apate pa kulenga. "Kushoto. Kushoto kidogo. Baba, kushoto kwako ni wapi?"

Picha moja ilichukua dakika arobaini. Ukumbi una giza, taa zimekatwa kwa sababu maji yameingia kwenye nyaya, na Mama ameibana lenzi hadi tundu dogo ili meza ya karibu na kabati la mbali vyote vionekane vizuri. Mwanga unaingia tone kwa tone. Saa Mbovu alipita mbele ya kamera mara tatu na Mama hakumkemea. Anasema apitaye hashikwi na filamu, ila akae.

Tumepiga filamu mbili. Zimebaki kumi na nne.

Jumapili, 9 Machi

Mama amezisafisha filamu katika chumba chake cha giza, chumba ambacho hata mwanawe haingii. Alitoka akanipa picha niitazame dirishani, jambo ambalo hajawahi kufanya. Akaniuliza naonaje.

Nikamwambia kweli. Meza zimetoka, makabati yametoka, lakini juu kumetanda ukungu mweupe, na upande wa kulia kuna madoa matatu kama maziwa yaliyomwagika. Zote mbili.

Akasema ni filamu zimezeeka. Nikasema labda mwanga unavuja kwenye mvukuto, maana naujua mkunjo uliochoka. Nafanya kazi na mikunjo kila siku. Mvukuto ni ule mfuko mweusi wenye mikunjo kati ya lenzi na nyuma ya kamera. Mwanga usiopita kwenye lenzi ukipewa dakika arobaini unatafuta njia nyingine.

"Mvukuto huu ulikuwa ukipiga picha kabla hujajua kuvaa viatu," akasema. Nikaenda kuosha vyombo.

Jumatano, 12 Machi

Naandika polepole ili nisikosee mambo ya leo.

Asubuhi Mama alikuja karakana kwangu bila taarifa, kamera kaifunga kwenye shuka, akasema haya, mvukuto upimwe ili nimwache apumue. Wakati wa chakula cha mchana tukaingia kwenye stoo yangu ya karatasi, ambayo haina dirisha. Nikaziba chini ya mlango kwa gunia. Tukaweka balbu ndogo ya tochi ndani ya mvukuto na kuufunga pande zote. Kabla ya kuiwasha tukakaa kimya dakika kumi, macho yazoee giza. Nilimsikia akipumua. Sikumbuki lini tulikaa karibu vile.

Nikawasha.

Ilikuwa kama kutazama juu usiku usio na mawingu. Kwenye kona za mikunjo, pale kitambaa kinapojikunja na kujikunjua kila siku, vilikuwa vinang'aa vitone. Kimoja kikubwa kama kichwa cha kiberiti, vingine kama ncha ya sindano. Nikavihesabu. Kumi na kimoja.

Mama akaizungusha kamera taratibu, uso wake umekaribia kabisa, hivi kwamba kitone kile kikubwa kilimwangaza kwenye shavu. Akasema, "Umeona? Hakuna hata tundu moja."

Nilidhani ananitania. Mama hatanii. Nikamjibu, "Ndiyo, Mama," nikafungua mlango, akafunga kamera yake kwenye shuka akaenda.

Mchana wote nimejalidi kitabu kimoja, na hicho nacho nimekigeuza juu chini.

Alhamisi, 13 Machi

Miaka kumi na tisa nimemwona kuwa mtu wa maringo. Hasalimii majirani ng'ambo ya barabara. Hasomi barua nikimpa, ananiambia nimsomee kwa kuwa "hana muda". Chai yake lazima niimimine mimi. Leo nimeyapitia yote hayo moja moja, nikaona aibu.

Jioni alinikuta nikianika nguo ukumbini, maana nje hakuanikiki. Akashika upande wa pili wa shuka.

"Jana ulihesabu mangapi?"

"Kumi na moja, Mama."

Akakunja shuka lile lililolowa kana kwamba limekauka. Akaniambia ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, mwaka wa tatu sasa. Daktari anataka kumpasua na yeye anataka amalize kazi hii kwanza, kwa sababu mwanawe akijua, kamera itafungiwa kabatini siku hiyohiyo na yeye atabaki ajuza wa kuambiwa kaa hapa. Katika chumba cha giza hahitaji macho, vidole vyake vinatosha. Nje ya chumba kile ndiko kwenye shida.

"Sikuombi unihurumie," akasema. "Nakuuliza kama unaweza kuutengeneza."

Nikamwambia siwezi kuziba matundu kumi na moja, maana kesho yatakuwa kumi na tano. Nitautengeneza upya wote.

Jumatatu, 17 Machi

Nimeufungua mvukuto wa zamani kwenye meza, nikaupima kila mkunjo. Aliyeutengeneza alikuwa fundi. Nimemwambia hivyo kwa sauti, japo sijui yuko wapi.

Jumatano, 19 Machi

Kitambaa cheusi cha kujalidia nje. Ndani, kitambaa chepesi cheusi kisichong'aa. Katikati, vipande themanini na nane vya kadi nyembamba, kila kimoja kifupi kuliko mwenzake kwa unywele. Saa Mbovu amekaa akinitazama saa nzima, akasema sasa ameelewa kwa nini vitabu nivipapasavyo mimi havichaniki. Yeye huwa hasifii mtu.

Alhamisi, 20 Machi

Mvua. Gundi haikauki. Nimeutusi mvukuto.

Ijumaa, 21 Machi

Umekauka. Mkunjo wa kwanza ulikataa, wa pili ukakataa, wa tatu ukakubali, na baada ya hapo yote ikafuatana yenyewe kama iliyokuwa ikingoja kuonyeshwa. Nimeufungua na kuufunga mara hamsini. Hauna sauti.

Jumapili, 23 Machi

Stoo, balbu, dakika kumi za kungoja. Safari hii Mama aliketi kwenye kiti na kuniachia mimi nitazame. Nilizunguka mara nne. Giza tupu, juu, chini, kwenye kona zote.

"Mangapi?"

"Hakuna, Mama."

"Rudia." Nikarudia. Hakuna.

Jumamosi, 29 Machi

Ukumbi tena. Safari hii mimi niliingia chini ya kitambaa cheusi, nikaona ukumbi wetu umepinduka kwenye kioo cha ukungu, meza zimening'inia juu kama popo, nikacheka peke yangu. Mama alisimama nje akinielekeza: nisogeze mbele, nisimame, nirudi nyuma kidogo pale picha inapoanza kufifia. Yeye akatia makasha ya filamu na kuvuta bati linaloifunika filamu ndani ya kasha, kwa mikono yake, bila kutazama. Filamu mbili. Zimebaki kumi na mbili.

Jumapili, 30 Machi

Moja imetoka safi. Safi kabisa, hata maandishi ya "Tafadhali Kimya" yanasomeka.

Ya pili ina ulimi mweupe unaoingia kutoka ukingoni, mrefu kama kidole.

Nilimweleza Mama nilichokiona. Akaipapasa ile karatasi kana kwamba ulimi ungeshikika. Kisha akasema, si kwa ukali, na ndiyo maana iliuma zaidi, "Gundi ya vitabu ni ya vitabu."

Leo siandiki zaidi.

Jumatano, 2 Aprili

Naandika sasa kwa kuwa hasira imenisaidia kufikiri. Kama mvukuto wangu ungevuja, filamu zote mbili zingeharibika, maana zote zimekaa ndani ya mvukuto huohuo. Moja ni safi. Tena ulimi umeanzia ukingoni kabisa, upande ule bati linapovutwa. Kwa hiyo kosa liko kwenye kasha.

Makasha yako sita na yanafanana kama mapacha. Nimeomba ruhusa nikatia alama kila moja kwa kisu, mkato mmoja, miwili, hadi sita, ili picha ikiharibika tujue wa kumuuliza. Mama alikubali kwa kichwa.

Kupimia filamu ni ufujaji. Tutatumia karatasi ya kusafishia picha, ambayo nayo hushika mwanga na Mama anayo nyingi. Lakini inataka jua kali, na jua hatujaliona tangu juzi ya juzi.

Alhamisi, 3 Aprili

Mvua.

Ijumaa, 4 Aprili

Mvua. Natembea na makasha sita kwenye mfuko kama mwuza maandazi.

Jumapili, 6 Aprili

Saa nne jua likatoka. Nilikuwa nimejipaka sabuni; nilitoka na povu masikioni. Tuliyatia makasha sita kwenye kamera uani, moja baada ya jingine, lenzi imefunikwa, bati limevutwa kwa dakika tano kisha limefungwa, halafu yote saa nzima juani, ukingo huu na ule. Saa sita mawingu yakarudi, sisi tumeshamaliza.

Karatasi tano zilitoka nyeupe. Ile ya kasha lenye mikato mitatu ilitoka na ulimi mweusi, mahali palepale. Mahameli inayoziba mlango wa bati imeliwa, imebaki nyuzi. Nilipopangua kasha nikamshikisha Mama kidole chake pale. Akapapasa huku na huku, akarudia.

Nilibadilisha mahameli kwa kipande kilichobaki nilipojalidi kitabu cha wageni. Mama hakusema amekosea. Baada ya chakula aliweka ufunguo kando ya sahani yangu, ufunguo wa chumba cha giza, akaondoka mezani. Mume wangu aliutazama ufunguo, akanitazama mimi, akauliza kumetokea nini.

Jumatatu, 7 Aprili

Ukungu wa masika umeota kwenye kioo cha lenzi. Mama ameifungua, ameipangusa, ameirudisha yeye mwenyewe kwa kuwa lenzi hamwachii mtu.

Jumamosi, 12 Aprili

Roshani. Filamu mbili, kasha la kwanza na la tano. Tulifunika kamera yote kwa kitambaa cheusi muda wote wa dakika arobaini na tano, ikabaki lenzi tu. Mama aliniachia nirudishe bati, akaniambia liingie sawasawa, lisianze na kona moja, kwa kuwa kona hufungua mlango. Zimebaki kumi.

Jumapili, 13 Aprili

Zote mbili zimeharibika. Si ulimi, si maziwa. Kwenye ukuta mweusi chini ya roshani kuna doa hafifu la pembe nne, na katika kila picha limekaa palepale.

Jumatatu, 14 Aprili

Mkutubi Mkuu aliniita ofisini. Ni mtu mpole na alikuwa anateseka kuyasema. Kuna kijana wa picha za harusi aliyejitolea kuja na kamera ya kisasa, saa moja tu na kazi imeisha. Je, Mama asingependa kupumzika?

Nilimuuliza kama amewahi kuona picha ya Mama kwa karibu. Akasema hajawahi. Nikamwekea mezani ile moja iliyotoka safi, nikampa kioo cha kukuzia. Akasoma maandishi ya "Tafadhali Kimya". Akasogeza kioo kwenye makabati ya nyuma, akasoma migongo ya vitabu, kimoja kimoja, midomo ikimcheza. Hapo akakiona kimoja nilichokijalidi mimi mwaka wa kwanza, akanitajia jina lake.

Ametupa hadi mwisho wa mwezi. Nilipanda ngazi kurudi karakana mabega yangu yakiwa juu, na nilipofika nikakumbuka kwamba bado sijui lile doa ni la nini.

Jumanne, 15 Aprili

Sasa najua.

Nililitazama doa kwa kioo cha kukuzia asubuhi nzima, nikaacha kulitazama kama uchafu. Lina mistari miwili ndani yake, inayokatana. Ni dirisha. Ni lile dirisha la juu la roshani, limerudiwa mara ya pili, hafifu, mahali pasipo lake. Kamera ilikuwa inatazama kwa jicho la pili.

Nikachukua bikari ninayopimia majalada. Kutoka dirisha la kweli hadi dirisha la uongo ni sentimita nne na nusu, kwenda chini na kulia kidogo. Nikakimbia nyumbani kwa mvua bila mwavuli. Nikaiweka ncha ya bikari katikati ya lenzi, nikaizungusha ile ncha nyingine taratibu juu ya ubao wa lenzi. Ikaangukia kwenye tundu la skrubu. Skrubu hazimo nne, zimo tatu.

Tundu dogo kama lile linatosha kupiga picha lenyewe likipewa dakika arobaini na tano. Skrubu tuliikuta chini ya kabati la Mama, imebingirika na vumbi.

Nilimweleza. Nilijitahidi kusema "imeanguka", nisiseme "umeiacha". Alikaa kitandani akaishika ile skrubu kati ya vidole viwili.

"Niliirudisha lini lenzi?"

"Jumatatu ya juma lililopita, Mama."

"Na mimi ndiye niliyesema gundi ya vitabu ni ya vitabu." Akanirudishia skrubu. "Ulijuaje kupima?"

Nikamwambia jalada na kitabu lazima vikutane, kwa hiyo kutwa napima umbali kati ya kitu na mahali pake. Akacheka kwa pua. Kisha akaniambia nimwite mwanawe.

Alimwambia mwenyewe, mbele yangu, habari za macho yake yote mawili, na tarehe ya kupasuliwa aliyoahirisha. Mume wangu alikasirika kwanza kwa kufichwa, akanikasirikia mimi zaidi, akatoka barazani akasimama akitazama mvua. Aliporudi aliuliza picha ngapi zimebaki. Nne. Akauliza stendi ina kilo ngapi.

Jumamosi, 19 Aprili

Roshani. Mume wangu amebeba stendi. Filamu mbili, safi zote.

Jumatano, 23 Aprili

Chumba cha kadi. Safi.

Ijumaa, 25 Aprili

Ghala la magazeti. Safi. Mama amekaa kwenye boksi akimsimulia Saa Mbovu jinsi mvukuto unavyokunjwa. Amekosea hatua ya tatu lakini sikumsahihisha.

Jumatatu, 28 Aprili

Imebaki ngazi, mahali penye giza kuliko pote. Mama alipiga hesabu kwa kichwa: dakika themanini. Kisha akaniambia atangoja chini mlangoni na mwanawe.

"Sasa nani atapiga?"

"Nilikuuliza matundu mangapi, ukasema hakuna. Panda."

Nilipanda peke yangu. Nililenga, nikatia kasha, nikafunika kila kitu kwa kitambaa na juu yake koti langu, nikapitisha kiganja kwenye kila kiungo kutafuta ubaridi wa upepo, maana panapopita upepo pana mwanga. Nikavuta bati, nikavua kifuniko cha lenzi. Dakika themanini nilisimama nimeegemea ukuta, sikuthubutu hata kukohoa, nikaisikiliza mvua juu ya paa ambalo mwezi ujao halitakuwepo. Nilirudia na filamu ya pili. Zimebaki mbili.

Jumanne, 29 Aprili

Nimezisafisha mimi, Mama akihesabu sekunde nje ya mlango. Nimempelekea Mkutubi Mkuu zote tano.

Jumanne, 6 Mei

Mama amepasuliwa jicho la kulia. Amemlaumu nesi kwa taa kali.

Jumatatu, 12 Mei

Wameanza na paa. Nimehamisha meza yangu, bikari yangu na makopo ya gundi. Sikugeuka nyuma.

Jumamosi, 24 Mei

Mvua imekatika siku nne sasa. Leo jengo jipya limefunguliwa na picha zimetundikwa, kubwa, zenye fremu za mbao nyeusi. Watu walijaa. Walitazama madirisha, walitazama meza, kila mtu alitafuta kiti chake alichosomea.

Mama alikuja na miwani myeusi. Alizipita nne za kwanza bila kusimama, Mkutubi Mkuu akimfuata nyuma kama mwanafunzi. Alisimama kwenye ile ya ngazi. Akavua miwani. Hakutazama ngazi wala mwanga uliomwagika kwenye vipandio. Alisogeza uso hadi karibu aguse kioo, pale chini ya ngazi, mahali peusi kabisa, akatazama kwa jicho lake jipya kutoka ukingo huu hadi ukingo ule. Alichukua muda wake wote. Watu wakaanza kututazama.

"Hapa hakuna kitu," akasema.

Mkutubi Mkuu akababaika, akauliza ni nini kimekosekana, kama inawezekana kurekebishwa.

"Hakuna kilichokosekana. Dakika themanini, na hakuna kitu. Mimi mwenyewe sijawahi kupata weusi kama huu." Akanishika mkono juu ya kiwiko, akanivuta mbele ya watu wote. "Ni huyu. Kamera kaishona yeye na picha kaipiga yeye. Tazama mwenyewe, baba, usinisikilize mimi."

Mkutubi Mkuu akainama akatazama giza. Nyuma yake watu wengine wawili nao wakainama, kisha wa tatu, wote wanatafuta kisichokuwepo. Mimi nilisimama wima kando ya Mama mpaka wa mwisho wao alipoinuka.